Mtoro Aliye Kazini

Sehemu ya saba

Wiki jana tulimwacha Nzilani mlangoni pa ofisi ya mjini Malili, kidole gumba juu ya mashine, na mbele yake Wakiuru wa idara ya wafanyakazi ameshika bahasha ya kaki. Mashine ikatoa ule mlio wake mbaya. Taa nyekundu ikawaka. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, na watu wanne walimwona Nzilani kwa macho yao.

Mashine ndiyo iliyokataa kumwona.

"Kabla uingie, chukua hii," Wakiuru akasema. "Soma, halafu usaini hapa chini kwamba umepata."

Nzilani akaipasua palepale. Barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba Bi. Nzilani Musembi, mkuu wa mfumo wa kompyuta katika kampuni ya Embe Moja, hakufika kazini siku kumi na moja mwezi huu, bila ruhusa wala sababu. Ajieleze kabla ya saa sita mchana leo. La sivyo itachukuliwa kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, na kwenye faili yake ataandikwa mtoro.

Siku kumi na moja! Na kila moja ya siku hizo mwanamke huyu alitoka kwake Nunguni saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi ya mlimani ikimkata masikio, saa mbili za kuja na saa mbili za kurudi, ili akae kwenye dawati afanye kazi ileile aliyokuwa akiifanya jikoni kwake tangu mwaka wa korona.

Baadhi yenu mmenitumia ujumbe mkisema Nzilani anadeka, eti kuna watu wangelamba sakafu kupata kazi kama yake. Sawa. Someni kwanza mpaka mwisho, ndipo mnitukane.

Kwa nini mashine ilimkataa? Nzilani husuka viondo. Amesuka tangu darasa la tatu, na hata kwenye mikutano ya mtandaoni mikono yake haikukaa bure: masikio kwa kompyuta, vidole kwa katani. Kamba ya kiondo husokotwa kwa kidole gumba na cha shahada. Miaka ishirini na mitano ya kusokota imevifanya vidole hivyo viwili kuwa laini, mistari yote imekwisha.

Na mashine ilisajili vidole gani? Gumba na cha shahada. Nzilani aliomba asajiliwe hata kidole cha mwisho. Mkurugenzi Mulei akajibu kwamba utaratibu ni vidole viwili na hautabadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Basi kila asubuhi, mashine ikishamkataa, mlinzi wa lango aitwaye Mzee Mwau alimwandika kwa penseli katika daftari lake. Jina, saa, sahihi. Daftari hilo ndilo lililokuwa shahidi wake.

"Mzee Mwau, kitabu iko wapi?" Nzilani akauliza.

Mzee akavua kofia. "Mwiitu wakwa, mimi nilikuandika kila siku. Hata ile siku ya mvua nilikuandika. Lakini hiyo kitabu ilichukuliwa Jumatatu." Akamtazama Wakiuru, kisha akatazama chini. Alimwita Nzilani binti yake kwa sababu walisali kanisa moja zamani, kabla Nzilani hajaolewa Nunguni, na mzee huyu si mtu wa kusema uongo.

Wakiuru akasema daftari lilipelekwa kuhifadhiwa na hakumbuki lilihifadhiwa wapi. Alilisema hilo huku akikwaruza mlango kwa kucha. Mimi naandika hadithi hii kwa mwezi wa pili sasa, na niwaambie wazi: alikuwa anadanganya.

Sasa sikilizeni ni kwa nini neno hilo moja, mtoro, lilimtoa Nzilani jasho asubuhi ya baridi. Kuna mwanamke anaitwa Sandra, wa kampuni moja ya Nairobi, aliyempa kazi mpya ambayo angeifanya akiwa nyumbani kwake Nunguni. Mkataba ulikuwa tayari. Lilibaki jambo moja. Saa sita mchana siku hiyohiyo Sandra angepiga simu kwa Wakiuru na kuuliza swali moja: je, huyu amewahi kuandikwa mtoro?

Kampuni inayomlipa mtu isiyemwona haina hofu nyingine. Mtoro hachukuliwi. Na kampuni hizo huulizana, kwa hiyo akikataliwa na moja amekataliwa na zote. Ndiyo maana Nzilani hakuogopa kupoteza kazi ya Mulei. Aliogopa kupoteza jina lake.

Hakusaini. Alipanda ngazi hadi kwa Mulei.

Mulei ni mzee wa kanisa, suti ya kijivu, sauti ya chini. Hakumkaribisha kiti. Nzilani akamnyooshea vidole avione, naye akaendelea kutazama dirishani. Alimwambia kwamba ameijenga ofisi hii ya madawati arobaini kwa jasho lake, kwamba saa tano Bwana Gachanja, mwenye hisa nyingi kuliko wote, anakuja kuitembelea, na kwamba hatamwonyesha viti vitupu.

"Mimi nimekalia kimoja cha hivyo viti tangu Agosti," Nzilani akasema. "Wewe mwenyewe umeniona. Juzi uliniomba stapler."

"Nimekuona. Lakini mimi siandiki mahudhurio. Mashine ndiyo inaandika."

Hapo Nzilani akakaa bila kukaribishwa. Akamuuliza kwa upole kama amri yake ya Agosti, ya kila mtu kuja ofisini siku tano kwa wiki, kweli ilikuwa ya kuleta watu kazini, au ya kuwafukuza. Na Mulei, kwa kiburi tu, maana hakuna aliyemlazimisha, akasema alichokuwa amekificha kwa miezi mitatu.

"Nilijua wengine wataondoka. Nilitaka waondoke. Mtu akijitoa mwenyewe, sina haja ya kumfukuza wala kumlipa kiinua mgongo. Kampuni ilikuwa na wavivu."

"Na walioondoka ni akina nani?"

Mulei akageukia tena dirisha lake.

"Ben ameenda. Yvonne ameenda. Musyimi huko Kitui ana barua kama yangu," Nzilani akasema. "Ulitaka wavivu waende. Mvivu ataenda wapi, Bwana Mulei? Nani amemwita?"

Msomaji, mwanamume huyu alipepeta ndengu zake, ndengu zikapeperuka, akabaki na ungo wa makapi, kisha akashangaa chungu hakijai. Wapo mabosi wengi wa namna hii, na wewe unayesoma gazeti hili chini ya meza unamjua mmoja wao.

Kazi ya kuwatafuta wengine ilimwangukia Wakiuru. Tangazo lake lilikaa miezi mitatu. Watu thelathini na saba walipiga simu. Wote waliuliza ni siku ngapi Malili, wote wakaambiwa tano, na wote wakasema watampigia tena. Mmoja tu alifika, kutoka Machakos. Alikunywa chai, akaitazama mashine mlangoni, akaenda zake na kusahau mwavuli. Mwavuli huo bado uko nyuma ya mlango.

Turudi juu kwa Mulei. Simu ya Nzilani ikaita. Alikuwa Musyimi, mwenzake wa Kitui, yule aliyekataa katakata kuhamia Malili. Nzilani akaiweka wazi mezani ili Mulei asikie.

"Nzilani, huku Zombe watu wamechuma tangu saa kumi na mbili," Musyimi akasema. "Kreti ziko kwa jua. Hakuna message hata moja imefika ya lori. Malori kumi na moja yamesimama mjini Wote na madereva hawajui wanaenda wapi. Kwani umelala?"

Embe Moja haina shamba wala lori. Kazi yake ni moja: kuwaambia wakulima wa Makueni na Kitui lori litafika kituo gani, saa ngapi, na kuwaambia madereva hivyohivyo. Ujumbe huo hutoka kila Alhamisi saa mbili asubuhi. Mtu pekee anayeuruhusu utoke ni Nzilani. Na embe lililoiva likikaa juani kutwa, jioni hakuna mnunuzi wa kulitazama mara mbili.

Nzilani akafungua kompyuta yake. Akaandika jina lake na neno lake la siri. Kompyuta ikamjibu kwamba mfanyakazi huyo hayupo kazini leo.

Akageuka akamtazama Mulei. Mulei akashika simu yake.

Alikuwa amefanya nini? Jana jioni alimwita fundi, akaiunganisha mashine ya vidole na mfumo wote wa kampuni. Asiyesomwa mlangoni asiruhusiwe kufanya lolote ndani. Alitaka kumwonyesha Gachanja kwamba hapa hakuna mchezo. Na yule fundi, sasa anapigiwa, simu imezimwa.

"Fungua kwa njia nyingine," Mulei akasema. Sauti ile ya chini ilikuwa imepanda kidogo. "Wewe unaijua hiyo system kuliko mtu yeyote. Wakulima wanangoja."

Nzilani akakunja barua yake, akaitia kwenye kiondo.

"Siwezi," akasema. "Mimi sipo. Si ni wewe umesema mashine inasema ukweli?"

Akateremka ngazi. Mulei akamfuata mpaka katikati, akakumbuka kwamba yeye ni mkurugenzi, akasimama. Akamwita kwa jina. Akamwita madam. Nzilani hakugeuka, akapita lango, akashika njia ya barabara kuu.

Nami nakiri nilifurahi. Ningependa kuwaambia kwamba alikwenda zake, maembe yakaoza, na Mulei akalia mbele ya mgeni wake. Lakini Mzee Mwau alikuwa kwenye benchi lake nje ya lango, na alikuwa anazungumza na mkewe kwa simu.

Mke wa Mzee Mwau analima Kalamba. Alikuwa amechuma kreti ishirini na mbili, na alikuwa anauliza kama lori linakuja au awaite majirani waje wale wawezavyo. Mzee hakumwomba Nzilani chochote. Alisema tu kwa simu, kwa Kikamba, kwamba mwenye kujua anaondoka sasa hivi na hana kosa.

Nzilani akasimama. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ya haki, na hakuna mahali pa kuipeleka. Akimwokoa mke wa Mwau, anamwokoa Mulei pia. Akimwacha Mulei azame, wakulima elfu moja na mia mbili wanazama naye.

Akarudi hatua kumi, akaketi kwenye benchi la mlinzi.

"Ndani siingii," akasema. "Ndani sipo. Nitafanya hapa."

Kabla sijaendelea, niwaeleze mwethya, maana wengine wenu mnasoma mkiwa mbali. Mwethya ni ile desturi yetu ya wanawake kukutana shamba la mmoja, kila mtu na jembe lake, wakachimba matuta ya kuzuia maji mpaka yakaisha, kesho shamba la mwingine. Hakuna kulipana. Ila ukiitwa, unaenda, hata kama jana mligombana na mwenye shamba.

Kwa miaka yote waliyofanya kazi majumbani, watu wa Embe Moja walifanya hivyohivyo. Kila Alhamisi waliacha kazi zao wote na kuiangukia kazi ya mmoja aliyelemewa. Mulei alipowaleta ofisini aliwapa kila mtu malengo yake na ukuta wake wa mbao, na akapiga marufuku kile alichokiita kupiga domo. Mwethya ukafa wiki hiyo.

Sasa Nzilani akampigia Musyimi wa Kitui. Akampigia Ben, ambaye ana kazi nyingine na bosi mwingine. Akampigia Yvonne, ambaye aliapa kutolisikia tena jina la Embe Moja maishani mwake. Aliwaambia maneno machache yaleyale.

"Ni mwethya. Sio wa Mulei. Ni wa Kalamba na Zombe. Nipe saa moja."

Yvonne alimtukana Mulei kwa dakika mbili nzima, kisha akauliza apewe vituo vipi.

Waligawana vituo kumi na tisa bila kompyuta yoyote. Ben alimjua mwenyekiti wa kila kituo cha upande wa Kalamba, na alijua ni barabara gani lori zito halipiti mvua ikinyesha. Yvonne alijua madereva kwa sauti zao. Musyimi alijua mama gani wa Zombe akiambiwa saa nne, basi kijiji kizima kimeambiwa saa nne. Hayo hayakuandikwa kwenye mfumo. Yalikuwa vichwani mwa watu, na Mulei aliyafungulia mlango yakatoka.

Nzilani alishika simu mbili, moja yake na moja ya Mzee Mwau. Mzee aliandika kwa penseli kwenye kipande cha kartoni: lori la kwanza Kathonzweni, la pili Kalamba, la tatu na la nne Zombe. Juu, nyuma ya kioo, Mulei alisimama akiwatazama, na nyuma yake madawati arobaini.

Saa tano kasoro dakika kumi lori la kumi na moja liliondoka Wote. Mke wa Mzee Mwau akapiga simu kusema kreti zake zinapandishwa. Mzee akamshukuru Mungu kwa sauti, akampa Nzilani chupa yake ya chai.

Na hapohapo gari jeupe likasimama langoni. Alikuwa Gachanja, amewahi.

Hakuingia. Aliteremsha kioo, akamsikiliza yule mwanamke wa benchi akimalizia na dereva mmoja aliyepotea njia. Akamwona Mulei anakuja mbio huku akifunga kifungo cha koti.

"Huyu ni nani?" Gachanja akauliza.

"Huyu ni mtoro mmoja, mzee. Tunamshughulikia."

Gachanja akashuka. Aliomba orodha ya mahudhurio, ile ya mashine, na Wakiuru akaileta ikiwa bado na joto la printa. Alisoma jina la Nzilani, siku kumi na moja hayupo. Akaendelea kushuka na kidole, polepole. Kisha akacheka.

"Na huyu Mulei ambaye hajafika kazini hata siku moja tangu mashine iwekwe," akasema, "yeye mnamshughulikia lini?"

Mulei hakuwahi kujisajili. Haikumpitia kichwani kwamba mashine ni yake pia. Mzee Mwau alilazimika kugeuka upande wa barabara ili asionekane meno.

Naona mnashangilia. Subirini.

Gachanja akaagiza kiti kiletwe nje, akaketi mkabala na Nzilani. Ni mzee mwenye adabu, huita kila mwanamke mama. Alitaka kujua yote, naye Nzilani, aliyekuwa amechoka na kuona kwamba hatimaye amepata mtu wa kumsikiliza, akamweleza yote. Alimweleza vidole. Alimweleza daftari lililopotea, na kwamba mwandiko ni wa Mzee Mwau. Alimweleza kwamba wale watatu waliosaidia leo ni wawili waliofukuzwa kwa hila na mmoja anayefukuzwa.

"Wewe unataka nini, mama?" Gachanja akauliza.

"Hilo neno litoke kwa faili yangu kabla ya saa sita."

"Hiyo ni kitu kidogo. Lakini kwa nini saa sita?"

Msomaji, mdomo huponza kichwa. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ndivyo barua ilivyosema, na isingekuwa uongo. Lakini Nzilani alilelewa kuwajibu wazee ukweli, na akamwambia habari za Sandra.

Uso wa Gachanja haukubadilika hata kidogo. Alimpongeza. Akamwagizia chai ya maziwa na mandazi, akamwambia apumzike hapohapo, akapanda juu na Mulei na Wakiuru, akaufunga mlango.

"Huyu akienda, msimu umeenda," akawaambia. "Nimemsikiliza kwa dakika kumi. Hakuna mtu hapa ndani anayejua nusu yake."

Mulei, ambaye sasa alikuwa tayari kumpa Nzilani hata kiti chake mwenyewe, akasema waongeze mshahara.

"Mshahara atapata kokote," Gachanja akasema. "Jina je? Mtu akiwa na pa kwenda, utambembeleza kila mwezi. Akikosa pa kwenda, atakaa." Akamgeukia Wakiuru. "Hiyo simu ikipigwa, soma faili vile iko. Mtoro, siku kumi na moja. Kesho nitamsamehe mimi mwenyewe, na atanishukuru."

Hivyo ndivyo mtu yule wa adabu alivyopanga kumhifadhi mfanyakazi bora kuliko wote. Mulei alifukuza watu kwa ujinga. Huyu alikuwa anajua kabisa anachofanya, na mimi sitamsamehe.

Kisha akamuuliza Wakiuru lile daftari la mlinzi liko wapi. Wakiuru akajibu kwamba halijui lilipo. Ni uongo uleule wa asubuhi, lakini safari hii alimtazama mtu machoni alipousema. Gachanja akamkumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba mtu aliyeshindwa kwa miezi mitatu kuajiri hata mmoja afikirie vizuri sana nafasi yake. Kisha akampigia dereva wake simu, akamnong'oneza jambo.

Huko langoni Nzilani alikuwa anakula andazi. Kwa mara ya kwanza tangu sehemu ya tatu alikuwa anatabasamu. Dereva wa gari jeupe akaja, akamwambia Mzee Mwau kwamba mkubwa anamwita nyuma ya jengo mara moja. Mzee akaweka kofia kwenye benchi, akamfuata. Nzilani akamwekea andazi moja.

Saa sita kamili, simu ya mezani ya Wakiuru ikaita.

Mulei alisimama mlangoni. Gachanja alikaa kwenye kona ya meza, mguu mmoja ukining'inia. Faili lilikuwa wazi. Sandra akajitambulisha, akasema ana swali moja tu, akaliuliza.

"Rekodi zake ninazo hapa," Wakiuru akasema. "Nakusomea vile zimeandikwa."

Akalifunga faili. Akavuta droo ya chini, akatoa daftari la jalada jekundu, kona zake zimelika, akafungua ukurasa ulioandikwa kwa penseli.

"Jumatatu, tarehe tatu. Nzilani Musembi, amefika saa moja na dakika thelathini na sita. Jumanne, tarehe nne. Nzilani Musembi, amefika saa moja na dakika arobaini. Jumatano..."

Mulei akarukia simu. Hakuwahi. Gachanja alikuwa ameshaichukua mkononi mwa Wakiuru, taratibu, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. Akaifunika kwa kiganja, akamwambia Wakiuru atoke nje. Kisha akaiweka sikioni, akaanza kuzungumza kwa Kiingereza safi na kwa huzuni nyingi.

Wakiuru akateremka ngazi akilia, mikono mitupu. Daftari lilibaki juu.

Simu ya Nzilani ikaita kabla Wakiuru hajafika chini. Lilikuwa jina la Sandra. Nzilani akafuta sukari vidoleni kwa leso, akapokea akiwa bado na lile tabasamu.

"Nzilani, nimeongea na mwenye kampuni yenu," Sandra akasema. Sauti yake haikuwa ile ya jana. "Nakuuliza mara moja tu na unijibu ukweli. Hiyo kitabu ya gate inasema ulikuwa unakuja kazini. Anasema ni wewe uliiandika mwenyewe, na mlinzi hajawahi kuiona."

"Si kweli. Ni mwandiko wa Mzee Mwau. Yuko hapa na mimi, ngoja nimpe simu, atakwambia mwenyewe."

Akageuka kando.

Kofia ya mlinzi ilikuwa palepale kwenye benchi. Andazi lilikuwa palepale juu ya kartoni. Lile gari jeupe lilikuwa limeshashika barabara kuu kuelekea Nairobi, mtu mzee kichwa wazi kwenye kiti cha nyuma, na Sandra alikuwa bado anangoja.

"Nzilani?" Sandra akasema. "Mpe simu basi."